Karani wa Mizani, Kibirizi

Kazi yangu ni kusoma mshale.
Gunia linapanda, mshale unatikisika, unatulia,
natamka namba. Mwenye mali anakunja uso,
mwenye boti anaandika.
Nalipwa shilingi mia mbili kwa gunia.
Sijawahi kuulizwa naonaje.

Juma lile redio ilisema wenzetu wa ng'ambo
wamezuia maharage yetu, eti yana dawa iliyozidi.
Kesho yake ikasema nasi tumejibu:
mawese yao yasishuke hata dumu moja.
Tumejibu. Nililipenda neno hilo,
kama mtu aliyepigwa kofi sokoni akalirudisha.
Kisha nikatazama mwaloni: boti tisa zimefungwa,
na Mpozemenya wa Kasulu amekaa
juu ya magunia arobaini na mawili
kama kuku juu ya mayai ya kukopa.

Wanasema fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi.
Kweli, lakini si nyasi zote.
Nyingine huangukiwa na samadi.
Bitaliho wa Simbo, mwenye michikichi minane ya urithi,
mwaka jana dumu lake lilikosa hata wa kulinusa;
sasa wanunuzi wanamfuata shambani kabla ya alfajiri,
wanamwita mama, wanamwachia arbuni.
Ameezeka bati. Kijana wake karudi chuo cha ufundi.
Nani atakwenda kumwambia Bitaliho
kwamba ugomvi ni mbaya?
Si mimi.

Maharage yaliyokosa boti yakashuka bei hadi aibu.
Mwasiti, mama lishe wa pale getini,
akawa anaongeza upawa wa pili bila kuombwa.
Wachukuzi wangeshiba vizuri mwezi ule
laiti wangekuwa na pesa ya upawa wa kwanza;
mchukuzi hulipwa kwa gunia,
na gunia halikwenda.

Usiku niligeuza boksi la sabuni, nikachora mstari katikati.
Bati la Bitaliho, kulia. Deni la Mpozemenya, kushoto.
Upawa wa Mwasiti, kulia.
Mgongo wa Ntakije, wiki ya tano bila mzigo —
nikasita. Mgongo uliopumzika, ni faida?
Mke wangu, anayepika sabuni kwa mawese, akachungulia:
"Na dumu langu, lililopanda elfu kumi na tano,
umeliweka wapi? Au ndilo hilo bati la Bitaliho?"
Nikafuta. Nikaandika upya. Nikafuta tena.
Nikamkumbuka Mama Kyungu wa Kalemie,
mteja wetu wa miaka kumi, anayepikia wanafunzi wa bweni:
naye bila shaka ana boksi lake,
na kushoto kwake kumeandikwa sufuria.
Boksi likatoboka.

Wiki ya kumi na nne wakubwa wakapeana mikono
katika hoteli ya mji nisioujua.
Redio yetu ikasema tumeshinda.
Redio yao, ambayo hushika vizuri usiku ziwa likitulia,
ikasema wameshinda.
Nikashangaa vita nzuri namna hii, isiyo na mshindwa.

Asubuhi gunia la kwanza la Mpozemenya likapanda.
Lilikuja na kilo mia moja, niliandika kwa mkono wangu.
Mshale ukatikisika, ukatulia:
tisini na mbili.
"Rudia," akasema.
Nikarudia.
Pale liliposimama wiki zote hizo
pamebaki unga mwembamba sakafuni
na fukusi wawili watatu wakitembea polepole,
kama watu waliotoka karamuni.
Ntakije akachukua ufagio.
Mimi nikapangusa sahani kwa kiganja,
nikasubiri mshale urudi kwenye sifuri,
maana sheria ya mizani ndiyo hiyo:
kabla ya mzigo mwingine,
uanze kama vile hakuna kilichotokea.